Mkeka wa Mikono Mitano

Shangazi kipenzi,

Leo nimefagia barazani kwako hapa Ufukoni. Nikamwambia Somoe asogee, akanijibu kwamba yeye haoni vumbi, kwa hiyo halimhusu. Ungecheka mpaka ushike mbavu. Tumezeeka, lakini bado tunataniana kama ulivyotuacha.

Unakumbuka ulivyotupokea, miaka ile bandari inajengwa na malori yanatutilia vumbi hadi kwenye chai? Mimi na mkono wangu wa kushoto usio na nguvu tangu utotoni, Somoe asiyeona, Zaina asiyesikia. Majirani wakakuuliza utawafundisha nini watoto wa namna hii. "Kusuka mikeka," ukawajibu. "Kwani mmesikia nawafundisha kukimbia?"

Mimi ulinionyesha kubana mwanzo wa ukili, ule mkanda mrefu wa majani yaliyosukwa, kwa kidole gumba cha mguu, ili mkono wa kulia ufanye kazi yake. Kwa ajili ya Somoe uliichana miyaa ya rangi, yale majani ya kusukia, iwe myembamba kuliko ile nyeupe, vidole vyake vijue nakshi inapita wapi. Zaina ulimgusa bega, ukamwonyesha kwa mikono jinsi ya kushona vipande vya ukili ubavu kwa ubavu. Na sote ulitupa kipimo kimoja: mkeka ukiisha, unakunjwa katikati. Ukingo ukutane na ukingo, ua lilalie ua. Hapo ndipo uliposema, "Haya, tandikeni."

Halafu ikaja harusi ya dada Hadija. Mkeka wake ukatupa sisi tuusuke. Mama alikwishasema mkeka wa bibi harusi ukiharibika, nitarudi Kitaya kwa bibi nikakae kwenye mpunga kufukuza ndege, maana hapa napoteza muda tu. Nilikupenda, Shangazi, na sikutaka kuondoka kwako.

Tukagawana kazi, mikono yetu mitano mizima: nusu nisuke mimi, nusu asuke Somoe, Zaina aunge. Tulipoutandika, mkeka ukakataa kulala. Upande wangu ulikakamaa, kwa sababu kidole changu cha mguu kinavuta kama punda. Upande wa Somoe ulilegea na kuvimba. Ulipoukunja, maua yangu yalikuwa huku na yake kule. Mama alitazama mara moja tu, akauliza lori la kwenda Kitaya linaondoka lini.

Nililia. Nikakuomba unifundishe kulegeza kama Somoe. Somoe naye, huku analia, anataka afundishwe kukaza kama mimi.

"Nyie watoto, nani kawaambia mfanane?" ulisema. "Mimi nataka mkeka ulale."

Ukampa Zaina wembe. Mkafumua mshono wote, mkapanga upya: ukili wangu, wa Somoe, wangu, wa Somoe, ukianza na wangu na kumalizia na wangu. Wangu ukaushika wake, wake ukaulegeza wangu. Zaina alishona mpaka vidole vikamvimba. Ulipoukunja mbele ya Mama nilifumba macho, nikasikia tu sauti yako: "Haya, tandikeni."

Mama hakuitaja Kitaya tena. Siku ya harusi alikwenda kuketi juu ya mkeka kabla ya bibi harusi mwenyewe, ikabidi aombwe apishe.

Sasa nafundisha mimi. Nina mtoto mmoja hapa, mikono inamtetemeka. Nimemchania miyaa mipana, na ukili wake nitaupanga katikati ya zile za wenzake. Ana mdomo kama wako.

Siku ulipotutoka, dada Hadija aliuleta mkeka wake wa harusi utandikwe kwenye jeneza lako. Wanaume walikuwa na haraka. Nikawaomba wasubiri kidogo. Zaina akashika pembe moja, Somoe nyingine, tukaukunja katikati. Rangi zimepauka, Shangazi, lakini ukingo ulikutana na ukingo, na ua lililalia ua.

Nikawaambia, "Haya, tandikeni."

Pumzika, mwalimu wangu.

Mimi mtoto wa kaka yako,
mwenye kidole cha punda