Nyumba Nyingi za Bwana Alute

Mwankoko, 4 Februari 1968

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, hofu ni kwenu. Nimepata kazi ya bustani kwa Bwana Alute, yule mchora ramani za majumba. Mama, uwanja wake una nyumba nyingi ndogo katikati ya mawe makubwa. Hakukata mti hata mmoja, njia ndizo zinazopinda. Nyumba moja haina kuta kabisa: mvua inanyesha pande zote, nawe umekaa mkavu. Sijawahi kupenda mahali namna hii.

Binti yako, Raheli

Kiomboi, 20 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Sisi wazima, ila baba yako anaumwa mgongo kila ikifika siku ya kupalilia. Barua yako imeninyima usingizi. Mwanamume mwenye nyumba nyingi uwanja mmoja ana wake wengi, hilo hata mtoto analijua. Na hiyo isiyo na kuta inamngoja nani? Rudi kabla ya Pasaka.

Mama yako

Mwankoko, 5 Machi

Mama,

Shikamoo. Nimecheka mpaka machozi. Mke ni mmoja tu, Mama Dorkas, naye ndiye anayenipangia kazi. Nyumba moja ni ya kulala, moja ya kupikia, moja ya vitabu. Usinirudishe, Mama. Hapa najifunza kupanda kivuli kwanza, nyumba baadaye. Njoo ujionee.

Raheli wako

Kiomboi, 24 Machi

Raheli,

Marahaba. Tangu lini vitabu vikajengewa nyumba? Nakuja na basi la Jumamosi. Mzigo wako uwe tayari.

Mama yako

Mwankoko, 28 Aprili

Mama,

Shikamoo. Natumaini ulifika salama. Ulikuja kwa siku moja ukakaa wiki nzima, kutwa ndani ya ile nyumba isiyo na kuta, ukitazama mvua. Ukaniambia, "Hapa mtu anakaa bila kuitwa." Kisha ukapanda basi bila kunijibu. Mzigo wangu bado uko mlangoni. Nibaki au nirudi?

Raheli

Kiomboi, 9 Juni

Mwanangu mpenzi,

Marahaba. Tu wazima, na mtama umeiva. Nimechelewa kwa sababu ya ujenzi. Nilimwomba baba yako nyumba isiyo na kuta. Alibisha, lakini nilipoanza kuchimba mashimo ya nguzo mwenyewe, mgongo wake ukapona. Sasa majirani wanampa hongera, na Luciana wa nyumba ya pili ameniuliza kwa huruma, "Huyo mke mdogo anafika lini?" Nikamwambia ameshafika, anakunywa uji.

Fungua mzigo wako, mwanangu. Ukija Krismasi niletee miche ya kivuli, maana jua la jioni linanichoma.

Mama yako, mke mdogo