Kuku Wangu na Banda la Mzee Mponda

Segerea

Tumaini mume wangu,

Marahaba kwa shikamoo yako ya kwenye simu. Sie huku wazima, mama yako kapona mafua na yule mtetea wako mweusi kaangua. Unasema huko chuoni mnabishana nani alipie chanjo za kuku, mfugaji, wauza vifaranga au serikali. Mie si msomi, nakupa la kwangu tu.

Nilipoolewa hapa nilikuwa na kuku watatu wa kienyeji, wanazurura mtaa mzima. Kideri kikaanza kuua kuku mtaa wa pili. Serikali ikatuletea bwana mifugo bila malipo, muuza vifaranga akatunza chanjo kwenye friji yake, na sie wafugaji tukaambiwa tuchangie bei ya chanjo yenyewe. Mie sikuwa na kitu. Siku ya kuchanja nikajifungia ndani kwa aibu.

Nikasikia hodi. Alikuwa Mzee Mponda, jirani mwenye banda kubwa la kuku, kaongozana na bwana mifugo.

"Shikamoo mzee. Mie sina mchango."

"Marahaba. Wako nimeutoa mie. Kuku wako wanashinda mlangoni pa banda langu. Wakiugua hawa, wangu hawaponi."

Wakawadondoshea kuku wangu wote tone la chanjo jichoni. Nikafungua mdomo nimshukuru, mzee akaniwahi.

"Asante, mwanangu, kwa kutufungulia mlango."

Bibi yako, ambaye asante ile bado anayo moyoni.