Kopo Lililoandikwa "Haina Maziwa"

Nyumbani kwa Mama,
Jumapili, 9 Juni.

Mpendwa Kaka,

Shikamoo. Habari za huko? Shemeji na watoto hawajambo? Kifua chako kimetulia? Mimi ni mzima wa mwili tu. Mama anaendelea vizuri; nimetanguliza hilo ili yanayofuata yasikushtue.

Unajua maziwa yanavyomdhuru Mama. Majarini ya kiwandani kwetu ndiyo pekee aliyopaka kwenye mkate bila wasiwasi, kwa kuwa kopo limeandikwa "Haina maziwa."

Mwezi uliopita wakubwa waliongeza unga wa maziwa ili ladha ikaribie ya siagi. Lebo za zamani bado zilijaa stoo. Nilimwambia msimamizi kwamba sheria inataka kila kilichomo kiandikwe, maziwa hasa. Akacheka: "Dada, nani anasoma maandishi madogo hayo? Tumalize hizi kwanza."

Nikanyamaza, Kaka. Nikabandika. Nilichofanya ni kuacha kuleta makopo nyumbani, nikajiona mjanja. Mama sikumwambia kitu.

Jumanne akajinunulia kopo mwenyewe dukani. Niliporudi mchana nilimkuta ameshikilia meza, midomo imevimba, pumzi inamtoka kwa shida. Jirani yetu dereva wa teksi alitukimbiza hospitali hata viatu hajavaa. Mama alichomwa sindano mbili. Alipoweza kusema, aliniambia kama anayejitetea: "Lakini nilivaa miwani, mwanangu. Nilisoma."

Sikulia pale. Nililia chooni.

Kesho yake nilipeleka kopo kwa wakaguzi wa vyakula, nikaandika maelezo na kutia sahihi. Sikuficha kwamba lebo nilibandika kwa mikono yangu. Makopo yameanza kuondolewa madukani. Mimi nimesimamishwa kazi, na wenzangu hawaitikii salamu yangu. Wanahofia kiwanda kitafungwa. Siwalaumu.

Jana nilimweleza Mama yote. Nilitegemea anigombeze, maana unamjua akiwaka. Aliendelea kukunja nguo, kisha akauliza, "Na wengine waliosoma kama mimi?"

Nilishika upande wa pili wa shuka, tukalikunja pamoja.

Nigombeze wewe basi, lakini niandikie. Nyumba imekuwa kimya mno.

Msalimie sana shemeji, na wapwa wangu wote, hasa yule mtundu mwenye mapengo. Mama anawaombea afya njema. Mungu awafunike nyote huko mliko.

Wako akupendaye daima,
Kitindamimba wenu.