Baba Anasikia, Ila Hajui Wapi

Odense,
Tarehe 9 Novemba, 2019.

Mpendwa Shangazi Ingeborg,

Habari za siku nyingi? Goti lako linaendeleaje na baridi ya huko Nuuk? Sisi hatujambo, isipokuwa Baba, na ndiye aliyenifanya nikae niandike. Usishtuke, yu hai, na maneno anayo mengi kuliko zamani.

Unaujua utafiti wangu wa shahada ya uzamivu. Nachunguza kwa nini wanaovaa vifaa vya kusikia husikia sauti lakini wasijue imetoka upande gani. Tunamkalisha mtu katikati ya spika zilizomzunguka, naye anaonyesha kwa kidole. Baba alijitolea. Akapewa kifaa kipya cha masikio yote mawili, kinachopunguza kelele ili maneno yasikike, akae nacho nyumbani.

Jumapili iliyofuata tulikuwa mezani, samaki wa siki na viazi. Mama akaninong'oneza kwamba mzee anakula kama anafukuzwa.

“Nimekusikia, Merete!” Baba akamdakia.

Mama akaangusha uma. Tulicheka mpaka machozi yakatutoka. Miaka yote hii Baba alikuwa anaitikia kwa kichwa tu.

Halafu wiki iliyopita alikuwa anavuka njia ya baiskeli karibu na duka la mikate. Mama mmoja akaja na baiskeli kutoka kushoto, akapiga kengele. Baba aliisikia vizuri kabisa. Akageukia kulia, akarudi nyuma, akaingia moja kwa moja mbele ya gurudumu. Mkono umevunjika. Yule mama alilia kuliko yeye.

Nilikwenda hospitali na vifaa vyake vya zamani mkononi.

“Baba, nipe hicho kipya.”

“Sikupi.”

“Kitakuua! Kinayafanya masikio yote mawili yasikie sawasawa, ubongo unakosa cha kulinganisha ili ujue sauti imetoka wapi.”

“Solvej, mwanangu, nimekaa mezani kwangu kama mgeni asiyejua lugha. Acha nigongwe nikiwa nawasikia.”

Nilitoka nikalia kwenye ngazi.

Msimamizi wangu, Profesa Thorkild, amesimamisha majaribio ya nyumbani. Baba ameruhusiwa kubaki na kifaa kwa sharti avae ndani tu. Hataki hata kulisikia hilo sharti. Wewe ndiwe dada yake mkubwa, na Baba hamwogopi mwingine yeyote. Mpigie simu, tafadhali. Mgombeze kama ulivyozoea.

Jana tulitoka naye kidogo, kavaa kifaa kilekile. Nilibaki nyuma, upande wa kushoto, nikamwita. Akageukia kulia, akatabasamu, akawa ananitafuta kwa macho. Nikakimbilia upande ule wa kulia ili anikute.

Nisalimie Mjomba Aqqaluk na binamu yangu Pipaluk. Mama anakukumbatia. Mungu akulinde na barafu za njiani.

Mwanao asiyekusahau,
Solvej