Chambo Kinachosikika

S.L.P. 417,
Kitale.
19 Septemba 1993.

Mpendwa kaka Wekoye,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani, kabla sijaanza kukugombeza kwa kukaa kimya. U hali gani huko Voi? Joto mmeshazoeana au bado linakusumbua? Sisi ni wazima, na mahindi yameanza kukauka. Sally wangu ameota meno mawili na anamuuma kila mtu.

Kilichonifanya niandike ni baba. Macho yamekwisha, kaka. Wakati wa Pasaka alikuwa bado anaona kivuli cha mtu mlangoni. Siku hizi hata mchana kwake ni giza. Akawa analala tu, chakula anarudisha. Shangazi Nakhungu alikuja kutoka Bungoma, akamwona, akasema atamchukua akakae kwake mjini. Baba hataki. Shangazi anasema mtu asiyeona hana la kufanya huku shambani. Wewe ndiwe kifungua mimba, kwa hivyo wote wanangoja neno lako.

Kabla hujajibu, kumbuka vyambo vyake vya kuelea. Alikuwa anavichonga kwa mlingoti mkavu wa mkonge, kwa kuwa ni mwepesi, halafu anafunga ndoana chini. Chako cha kwanza ulikipamba mgongoni kwa rangi ya kucha ya shangazi, ukakishusha bwawani kama bibi harusi. Baba alicheka mpaka akakaa chini. Samaki yuko chini ya maji, alikwambia, anaona tumbo tu. Mgongo umeupaka rangi kwa ajili ya watu. Shangazi naye alikutafuta kwa ajili ya rangi yake hadi jioni.

Mimi nilikuwa nachunga ng'ombe pale karibu, maana wasichana hatukuitwa, lakini masikio yangu hayakuwa na kazi nyingine. Asubuhi maji yakiwa yametulia, alikufundisha, chukua kile chembamba, kivute kidogo, kiache mpaka viduara vya maji viishe. Upepo ukianza, chukua chenye mdomo wa shimo kinachobubujika. Kile chenye kipande cha kopo la mafuta ya Kimbo kinachozunguka mkiani alikidharau, akisema kina kelele kama mashine ya kusaga. Na wewe kila samaki alipopasua maji ulivuta bila kungoja, mpaka siku moja chambo kikaruka kikakwama kwenye kofia ya baba. Nazitamani sana asubuhi zile.

Basi Jumamosi moja mwanzoni mwa mwezi huu nilichoka kumwona amegeukia ukuta. Nikambebea fimbo ya kuvulia, nikamshika mkono tukateremka bwawani. Nilimwekea vyambo mapajani. Akavitikisa kimoja kimoja sikioni, kisha akachagua kile cha Kimbo. Nikamuuliza mbona hicho.

"Hiki nasikia penye kiko," akasema.

Akarusha, akaanza kukivuta polepole, kichwa kimeinama upande. Maji yakapasuka. Mimi niliruka, yeye hakutingisha hata kidole. Alingoja mpaka akasikia uzito mkononi, ndipo akavuta. Samaki alikuwa mmoja wa wale wenye midomo mikubwa, sufuria ya ugali haikumtosha. Nililia, kaka, na sioni haya kukuambia. Baba akanifukuza.

"Nasambu, si uende nyumbani bana. Ati unalia karibu na samaki."

Nimemfungia kamba kutoka mlangoni hadi bwawani, anaishika anakwenda peke yake. Anakula sasa, na ananiulizia chumvi. Ninapoandika hivi yuko huko, na kutoka hapa jikoni nalisikia lile bati likizunguka majini, linanyamaza, linazunguka tena.

Nisalimie wifi Chepkemei na watoto. Mwambie Jotham wenu kwamba babu anamuulizia. Mungu awafunike nyote huko mliko.

Ila mwandikie shangazi mapema, maana ameshatafuta gari. Usimweleze mambo ya macho, hayo anayajua. Mwambie tu asihangaike kuja asubuhi, mzee hapatikani nyumbani.

Ni mimi dada yako nikupendaye,
Nasambu