Jiwe Chini ya Ulimi

Jumatatu, 14 Februari

Barafu ya bahari imeingia hadi ndani ya ghuba. Nyasi kavu zimebaki chache ghalani. Wapo ng'ombe wasioinuka tena bila kuvutwa mkia. Hata hivyo jana, baada ya masifu ya jioni, watu wa Grjotholt walikusanyika kuzunguka moto nami nikawasomea tena habari za mababu wa Bwana Ozur. Yeye ndiye mwenye nyumba hii, mwenye kanisa hili, na mwenye ngozi za ndama ninazoandikia. Kitabu ni chake. Mkono tu ndio wangu.

Nilifika mahali ambapo Grim, mzee wa kwanza wa ukoo, zama za kabla nchi haijabatizwa, anasimamisha nguzo ya laana juu ya adui yake: kichwa cha farasi kwenye ncha ya mti, kinywa wazi, kimeelekezwa nyumbani kwa mlaaniwa, ili hata roho za ardhi zishikwe na hofu na kukihama kiwanja. Hata pia za kusokotea sufu mikononi mwa wanawake zilisimama. Bwana Ozur alitabasamu kama mtu anayesifiwa yeye.

Katika kitabu cha zamani ninachonakili, ukurasa ule umeliwa na unyevu. Pengo la upana wa kiganja. Nikaliziba kwa maneno yangu mwenyewe, kama afanyavyo kila mwandishi: kwamba Grim alitia jiwe jeupe la ufukweni chini ya ulimi wa farasi, laana isije ikageuka na kumrudia aliyeitamka. Nililitoa wapi? Kwa Nabii Isaya — lile kaa la moto midomoni mwake. Nililipoza, nikalivika upagani. Sentensi ikakaa vizuri, nami nikafurahi nayo kuliko inavyompasa padri.

Aliyeuliza ni Jofrid peke yake, binti wa mwenye nyumba. Je, ni lazima jiwe liwe jeupe? Nikamjibu kwamba ndivyo ilivyoandikwa.

Mord mchungaji akaangua kicheko. "Unataka kumlaani nani, bibi harusi? Bwana'ko ana meno mawili tu, mwache ajifie mwenyewe!"

Watu wakacheka. Jofrid hakucheka. Baba yake amekwisha kumwahidi kwa Svarthofdi wa kaskazini, mzee mwenye watu wengi na silaha nyingi. Arusi ni baada ya Pasaka.

Alhamisi, 17 Februari

Bwana, utuhurumie. Nguzo imesimamishwa!

Mord aliiona alfajiri, juu ya ukuta wa shamba la nyumbani. Mti ni gogo la pwani, moja ya yale yanayotupwa na bahari. Kichwa ni cha yule farasi jike wa kijivu aliyekufa kwa njaa juma lililopita. Kinywa kimeelekea mlangoni kwa Bwana Ozur. Wanawake hawataki kutoka kukamua. Na usiku uleule kondoo kadhaa walikufa zizini — kwa njaa, najua mimi. Lakini ni nani atakayesikia habari za njaa leo?

Bwana Ozur alitoka bila joho, akaitazama, akarudi ndani. Hakupaza sauti. Hilo lilinitisha kuliko kama angalipiga kelele.

Ijumaa, 18 Februari

Nilikwenda na maji ya baraka ili niishushe mwenyewe. Mord alinifuata kwa mbali, akisali kwa sauti kubwa maneno ambayo hayamo katika sala yoyote niijuayo. Kichwa kilikuwa kimeganda. Nilipotia kisu kati ya taya, kitu kigumu kiligonga meno.

Jiwe. Jeupe, laini, la ufukweni. Chini ya ulimi!

Niliketi thelujini. Mord aliliona kabla sijalificha, akakimbilia nyumbani akipiga mayowe: jiwe lipo, Padri, ni vilevile kama kitabuni, ni vilevile kama walivyofanya wazee!

Si kama walivyofanya wazee. Wazee hawakulijua jiwe hilo. Hakuna mpagani yeyote, tangu nchi hii ipate watu, aliyewahi kulitia kinywani mwa farasi, kwa kuwa jiwe hilo lilizaliwa majira haya ya baridi, juu ya meza yangu. Basi aliyeisimamisha nguzo hii alikuwa kando ya moto jioni ile, akinisikiliza.

Ninaye mmoja akilini. Sitaliandika jina lake katika jambo hili.

Jumapili, 20 Februari

Injili ilikuwa ya kipofu wa Yeriko. Nilihubiri kwa bidii. Sidhani kama kuna aliyenisikia. Walikuwa wakinong'onezana kuhusu Grelod.

Grelod ni yule bibi wa dawa za majani anayeishi peke yake pembeni mwa mawe ya volkano. Humwagia maziwa mwamba mmoja ulio nyuma ya kibanda chake, kwa ajili ya hao wakaao ndani ya mwamba. Kila mtu anajua. Wengi wao wamewahi kumwomba amwage kwa niaba yao pia.

Nje ya kanisa nilimsikia mke wa jirani mmoja: "Nani mwingine anayajua ya kale? Wewe unayajua? Mimi siyajui."

"Mwaka jana si alikutibu jicho?" akauliza mwenzake.

"Ndiyo. Na alilitibu kwa kitu gani?"

Wakaitikia kwa vichwa, kana kwamba hilo ni jibu.

Kosa lao limefungwa barabara kiasi kwamba sioni pa kulifungulia. Nguzo imelingana na kitabu. Kitabu ni cha mababu. Basi nguzo imesimamishwa na mtu ajuaye mambo ya mababu. Na kitabu hakisemi uongo, kwa sababu kimeandikwa na padri.

Jumatatu, 21 Februari

Nimekwenda kwa Grelod. Njia ilikuwa mbaya.

"Inama, Padri," aliniambia, "mlango wangu ni mfupi, haukuchukua mfano wa mahubiri yako."

Nilimwuliza kuhusu nguzo. Akacheka mpaka akakohoa. "Mimi? Gogo lile? Fimbo yangu yenyewe huwa naibembeleza inyanyuke! Na huyo farasi nilimkata kichwa kwa nini, kwa kijiko?"

Nilimwuliza kuhusu jiwe. Hakujua ni jiwe gani. Hajatia mguu katika sebule tunamosomea tangu sikukuu ya Mtakatifu Martino, mwezi wa Novemba, Bwana Ozur alipomfukuza kwa kuwa bibi alisema kwamba binti yule haolewi bali anauzwa. Usomaji ulianza baada ya hapo. Sura ile hajaisikia kamwe.

Nikamkemea kwa ajili ya maziwa ya mwambani, kama inavyonipasa. Akaniitikia kwa adabu. Mama yake alimwaga, naye anamwaga. Wa mwambani hawajamjibu hata siku moja, na Mama Maria hajaonekana kukasirika. Kisha akaniwekea bakuli la maziwa ya mgando, la mwisho alilokuwa nalo nadhani, akaniangalia nikila.

"Baba Padri. Wakinifukuza, na barafu hii, nitakwenda wapi?"

Bwana Ozur akitangaza kwamba mtu asipewe moto wala mlango katika eneo lake, hakuna atakayethubutu kumfungulia. Kwa mwezi huu hiyo ni hukumu ya kifo, ila tu haina kamba.

Jumatano ya Majivu, 23 Februari

"Kumbuka, ewe mwanadamu, u mavumbi." Nimeyasema hayo juu ya kila paji la uso nyumbani humu. Jofrid alipopiga magoti niliona kiganja chake kimefungwa kitambaa. Alisema kisu cha samaki mkavu kimemteleza. Sikumwuliza, alisema mwenyewe.

Baada ya ibada Bwana Ozur alibaki. Majirani wanakuja Jumamosi kutoa hukumu. Alitaka niwasomee sura ya nguzo, kisha liwekwe jiwe mezani. Halihitajiki neno jingine.

Nikamwambia. Nimemwambia! Kwamba jiwe si la kale. Ukurasa ulioza, nami nikatunga.

"Na mpaka wa ufukwe wangu," alisema, "ule unaonipa nyangumi na magogo, nao uliutunga?"

"Huo niliukuta, bwana. Naweza kuapa."

"Utaapa, halafu? Ukikiri kwamba moja ni lako, watasema yote ni yako. Baraza la masika, panapoamuliwa mipaka, nitakwenda na kitabu gani? Na watoto wa jirani watanitungia nyimbo: huyu ndiye Ozur, babu yake alizaliwa kichwani mwa padri."

Nikamwambia kuna roho ya mtu hapa, si magogo. Akaanza kunijibu, kisha akakatika. Niliona wazo likimfikia, kama maji yanavyopita chini ya barafu.

"Kama ni la kwako," alisema polepole, "basi aliyelifanya alikuwa pale motoni."

"Ndiyo."

"Motoni kwangu."

Alikaa, mikono magotini. Kwa kitambo nilidhani neema imemgusa, kwani uso wake ulikuwa uso wa baba. Kisha akasimama akajikung'uta majivu yaliyomwangukia puani.

"Ni Grelod," alisema. "Nawe mzee, umechoka na baridi, unachanganya ulichokikuta na ulichokitunga. Soma kama kilivyo. Kanisa hili nimelijenga mimi, Padri. Ukinishinda nitapata mwingine."

Anajua. Hicho ndicho kinachonikosesha usingizi. Anajua, naye amechagua.

Ijumaa, 25 Februari

Nimefunga. Sala hazipandi. Nina hofu — niandike hivyo wazi, kwa kuwa hapa hakuna wa kumdanganya. Nahofia njia ya kwenda kwa Askofu katika baridi hii na miguu hii. Nahofia pia kwamba nikilitamka la jiwe, kila jicho litazunguka sebule na kutua mahali lilipotua wazo la Bwana Ozur. Kumwokoa mmoja kwa kumweka mwingine pale pale! Lakini binti wa Ozur hatatupwa barafuni. Ataadhibiwa, atapelekwa kaskazini mapema zaidi, labda atapigwa. Bibi atakufa. Nimezipima hizo mbili mchana kutwa, na mizani hainipi raha ila hainifichi lililo zito.

Jumamosi, 26 Februari

Wamefika. Farasi wa majirani wamejaa uani. Grelod ameletwa, ameketishwa karibu na mlango wa sebule panapopita upepo. Nilipompita aliniuliza kama leo pia nitahubiri kirefu.

Mord alikuja kuniita mara ya kwanza. "Padri, bwana anasema leta kitabu." Nikasema naja. Nilikuja kanisani kukichukua. Nilikuwa nimekwisha kuamua kulitamka la jiwe. Namshukuru Mungu kwamba nilikuwa nimeamua, kabla ya mlango kufunguka.

Ni Jofrid. Akapiga magoti hapo hapo, bila kitambaa kichwani.

"Nataka kuungama, Padri. Vaa stola."

Niliivaa shingoni, utepe ule wa maungamo. Mazoea ya maisha! Mikono iliivaa kabla mimi sijafikiri. Akafumba macho, akaanza: "Nibariki, kwa kuwa nimetenda—"

"Nyamaza!" nilisema. Sijawahi kumkemea hivyo anayeungama. "Mwanangu, usiendelee. Lolote utakaloniambia sasa litafungwa kinywani mwangu mpaka kaburini. Nikienda kule na kusema hata lile ninalolijua mwenyewe, nitakuwa natembea juu ya siri yako."

Akafumbua macho. Amerithi akili za baba yake.

"Ndiyo maana nimekuja kabla hujakwenda," alisema.

Ee Mungu wangu.

"Sitaki yule bibi afe," akaongeza haraka. "Sikumfikiria kabisa. Nilidhani watasema ni roho za ardhi, ni zama za kale zimerudi, na Svarthofdi ataogopa kuoa katika nyumba iliyolaaniwa. Nani alijua watatafuta mtu? Lakini baba akijua, Padri—"

"Baba yako anajua."

Hakulitazamia hilo. Aliketi juu ya visigino vyake. Kisha akaniuliza, kwa sauti ndogo, kama nawanyima kitubio wanaokiomba. Na kama akifa kati ya leo na jioni? Akaniuliza hilo Kwaresima imeanza, mbele ya altare, nami nimefundishwa tangu ujana kwamba hakuna dhambi ya padri iliyo nzito kuliko hiyo. Nikamwambia simnyimi, namwahirishia. Aje na mimi sebuleni, aseme mwenyewe, na jioni nitamsikiliza mpaka mwisho. Akatikisa kichwa. "Usiivue, Padri. Nisikilize kwanza. Nakuomba."

Nimekuja mezani kukitwaa kitabu, na kwa kuwa mkono ukishika unyoya wa kuandikia moyo hutulia, naandika haya nimesimama. Mord amegonga tena. Anasema bwana anauliza kama padri amekufa. Majirani wanacheka huko; wamekwisha kupewa pombe.

Jofrid hajaondoka. Amehamia kizingitini, ameketi na kiganja chake kilichofungwa kitambaa kifuani, ananitazama. Kanisa hili lina mlango mmoja. Siwezi kufika sebuleni ila kwa kupita juu yake.

Kitabu ninacho mkononi. Stola nimeivua.