Mchele wa Kasuku

Shemsa, soma kikaratasi hiki kisha kitie motoni.

Wale kasuku wadogo alioniachia Shamshad alipohamia Mombasa hawataki muhogo wala mtama. Wamelelewa kwa mchele! Na mchele mwaka huu, tangu serikali ikatae kuuagiza, hata mgonjwa haupati. Basi nikawa nawapa kidogo ule wa magendo niliouficha mtungini.

Leo si akaingia Machano! Machano, mjumbe wetu hapa Kikwajuni, anayewashitaki watu kwa mchele! Hodi na mguu ndani. Na hawa mahasidi wanakula huku wanautapanya sakafuni.

Akachutama. Akaokota punje, akaitafuna.

"Kidawa, nini hii?"

"Chakula cha ndege."

Wallahi ndivyo nlivyomjibu! Chakula cha ndege!

Akaenda kuufunga mlango. Shemsa, hapo nkajua nshakwisha.

Akarudi, akavua kofia. Akaziokota punje moja moja, hata zilizokwama kwenye mkeka, akazitia ndani ya ile kofia. Hakuniangalia usoni.

"Mama hawezi," akasema. "Muhogo haumpiti kooni. Tafadhali, dada yangu, usimwambie mtu."